Ugonjwa Usiofundisha

Ukilipasua neno pepopunda katikati, mkono mmoja unabaki na pepo, mwingine unabaki na punda. Pepo si vigumu kumwelewa. Mgonjwa wa pepopunda anaumana meno yasiachane, uso unajikunja kama wa mtu anayecheka bila furaha, mgongo unajipinda mpaka kisogo na visigino tu ndivyo vinagusa kitanda, na wakati wote huo akili yake ni timamu. Mlango ukibamizwa, mwili mzima unakaza upya. Mtu anayeona hayo kwa mara ya kwanza angeweza kumtafuta mganga wa kupunga pepo kabla hajamkumbuka daktari.

Punda naye anastahili nafasi yake katika neno. Bakteria wa ugonjwa huu, Clostridium tetani, huishi udongoni na kwenye utumbo wa wanyama, punda na farasi wakiwemo, na hutoka na kinyesi chao. Mazingira yakiwa mabaya, hujifungia ndani ya ganda gumu na kungoja, juani na vumbini, miaka kwa miaka. Wanachongoja ni jeraha lenye kina, mahali pasipofika hewa. Msumari unatosha. Mwiba unatosha. Kitovu cha mtoto mchanga kilichokatwa kwa kisu kichafu kinatosha kabisa.

Kijijini kwa bibi yangu, upande wa Kondoa, pepopunda ilikuwa habari ya watu wazima: mkulima aliyejikata kwa jembe, mchungaji aliyechomwa na mwiba. Kwa watoto wachanga walisema tu, "Amekataa ziwa." Mtoto anazaliwa analia vizuri, ananyonya vizuri siku mbili tatu. Kisha asubuhi moja anaishika chuchu na kuiacha. Mdomo umekaza. Kilio kinakuwa chembamba, mwili unakuwa mkavu kama kijiti. Bibi alizika wawili namna hiyo mwishoni mwa miaka ya 1950. Wa kwanza alikufa siku ya sita, kesho yake ndiyo ingekuwa akika. Wa pili alikufa siku ya tisa, akiwa amelitumia jina lake siku mbili. Mama yangu alikuwa wa tatu.

Mambo haya sikuwahi kuyasikia mpaka nilipokuwa na mimba ya miezi mitano. Nilikwenda kumsalimia bibi, siku mbili baada ya kuchomwa sindano ya pepopunda kliniki. Nilipoinua mkono kutua ndoo, akaniona nimekunja uso.

"Umeumia?"

"Hapana bibi, ni sindano ya kliniki. Ya kumkinga mtoto na pepopunda, isije ikamwingia kitovuni."

"Pepopunda ya mtoto ndiyo inakuwaje?"

Mimi hufundisha biolojia sekondari, kwa hiyo swali kama hilo halinisumbui. Nikamweleza kama ninavyowaeleza kidato cha tatu, dalili moja baada ya nyingine. Nilipofika kwenye mtoto kushindwa kunyonya, mikono yake ikasimama juu ya ungo. Alikuwa anapeta uwele. Ndipo akanisimulia habari za wale wawili, kwa sauti ileile ambayo mtu huonyeshea mipaka ya shamba. Akaniambia pia yaliyosemwa baada ya mazishi: kwamba maziwa yake yana uchungu, kwamba ana kisirani. Shangazi wa babu alishauri watafute mke mwingine mapema, kabla nyumba haijajaa makaburi.

Kisha akauliza: "Sasa mjukuu wangu, wewe ni mwalimu, niambie. Aliyeugua ndui akapona haugui tena, tuliona kwa macho. Aliyeugua surua haugui tena. Mwili unajua. Mwili wangu mimi ulishindwaje kujua baada ya yule wa kwanza, mpaka ukamwachia na wa pili?"

Nimefundisha mada ya kinga ya mwili kwa miaka sita na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza swali zuri kama hilo. Halikuwa swali la biolojia peke yake. Kwa zaidi ya miaka sitini bibi alikuwa amebeba wazo kwamba mwili wake ulipewa somo mara mbili na ukafeli mara mbili.

Jibu la kwanza ni jepesi. Mwili wake haukuwa darasani. Ugonjwa ulimwingia mtoto kupitia kitovu baada ya kukatwa, na kuanzia hapo damu ya mama na mwili wa mtoto ni vitu viwili mbalimbali. Mama hawezi kujifunza ugonjwa ambao haukumpitia.

Jibu la pili ni geni zaidi, na ndilo lililonifanya nirudi vitabuni. Hata kama bibi mwenyewe angeugua pepopunda na kupona, asingejifunza kitu.

Virusi vya surua huzaliana mwili mzima kwa mamilioni. Mwili unapata muda na ushahidi wa kutosha wa kumtambua adui, kutengeneza kingamwili za kumkamata, na kuweka kumbukumbu kwa ajili ya siku nyingine. Bakteria wa pepopunda hawafanyi hivyo. Wanabaki palepale kwenye jeraha, wachache, pengine jeraha lenyewe limeshaanza kufunga. Kinachosafiri ni sumu yao. Sumu hiyo ni protini inayojishika kwenye ncha za neva, ikaingia ndani yake na kupanda mpaka kwenye uti wa mgongo. Huko kuna neva ambazo kazi yake ni kuiambia misuli ilegee. Ukikunja mkono, msuli mmoja unakaza na mwenzake anaambiwa aachie. Sumu inaziba hiyo amri ya kuachia. Kila msuli unakaza na hakuna wa kuuambia basi.

Kipimo kinachoua ni takriban nanogramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito wa mtu, na nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu. Sumu yenye uzito wa punje moja ya chumvi ya mezani ingetosha kuua mamia ya watu. Kwa hiyo kiasi kinachoua ni kidogo kuliko kiasi ambacho mwili unahitaji ili uone, utambue na ukariri. Ndiyo maana mgonjwa wa pepopunda anayepona hupewa chanjo kama mtu ambaye hakuwahi kuugua. Mateso yote yale hayamwachii kinga ya kutegemea.

Tunayo methali ambayo kila mtoto huisikia kabla hajajua kusoma: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kwa ugonjwa huu nusu ya pili ya methali imekufa. Ulimwengu haufunzi, unaua tu. Inabaki nusu ya kwanza, na kwa maelfu ya miaka mama naye hakuwa na kitu cha kumpa mtoto, kwa sababu na yeye hakuwa amefunzwa na yeyote.

Aliyeanza kubadili hali hiyo ni Mjapani, Kitasato Shibasaburō, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Robert Koch mjini Berlin. Mwaka 1889 alifaulu kuwakuza bakteria wa pepopunda peke yao, bila kuchanganyika na wengine, kwa kuwanyima hewa. Akishirikiana na Emil von Behring, aliwazoesha sungura sumu ya pepopunda hadi wakaacha kudhurika nayo. Kisha wakachukua damu ya sungura hao, wakaichomea panya, na panya wakapewa sumu ya kuwaua. Hawakufa. Hata seramu peke yake, yaani majimaji yanayobaki damu ikiganda, yalifanya kazi hiyo. Walichapisha matokeo Desemba 1890. Kulikuwa na kitu ndani ya damu kinachoifunga sumu, na kitu hicho kiliweza kuhamishwa kutoka mwili mmoja kwenda mwingine. Leo tunakiita kingamwili: protini yenye umbo la herufi Y, ambayo ncha zake hulingana na sehemu ya sumu na kuishikilia, sumu ikashindwa kujishika kwenye neva. Behring alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1901, ya kwanza kabisa, hasa kwa kazi yake kuhusu dondakoo. Kitasato hakupewa.

Sungura ni mdogo, damu yake haitoshi hospitali. Wakatafutwa wanyama wakubwa, na hapo ndugu yake punda akaingia kazini. Farasi walichomwa sumu iliyodhoofishwa, wakajenga kinga, wakatolewa damu. Katika Vita Kuu ya Kwanza, askari waliojeruhiwa kwenye mashamba ya Ufaransa na Ubelgiji, yaliyorutubishwa kwa samadi miaka nenda rudi, walianza kupewa seramu ya farasi mara tu baada ya kuumia, na pepopunda ikapungua sana miongoni mwao. Mnyama ambaye kinyesi chake kilibeba ugonjwa ndiye aliyetoa damu ya kuuzuia.

Lakini kinga ya kuhamishiwa ni mkopo. Baada ya wiki kadhaa mwili unakuwa umezimaliza zile kingamwili za mgeni, na wenyewe haujajifunza kuzitengeneza. Tena kuna tatizo la muda. Sumu ikishaingia ndani ya neva, kingamwili haziwezi kuifuata huko. Lazima ziwe zimefika mapema, zikingoja kwenye damu kabla ya msumari, kabla ya kisu cha mkunga.

Hatua iliyokosekana ilipatikana miaka ya 1920. Gaston Ramon, Mfaransa aliyefanya kazi katika Taasisi ya Pasteur, aligundua kwamba sumu ya bakteria ikiwekewa fomalini na kuachwa kwenye joto kwa muda, inapoteza makali yake lakini umbo linabaki. Alianza na sumu ya dondakoo, kisha ikafuata ya pepopunda. Kitu hicho huitwa toksoidi, na ndicho kilichokuwa ndani ya sindano iliyoniuma bega. Mwili unaletewa sura ya adui bila kisu chake, kwa wingi wa kutosha kuikariri. Somo ambalo ugonjwa wenyewe hauwezi kulitoa, likatolewa kwenye chupa.

Ilibaki kujua kama mama aliyefunzwa anaweza kumfikishia mtoto. Paul Ehrlich alikuwa ameligusa jambo hilo mapema, mwaka 1892, kwa kutumia panya na sumu za mimea: ya mbarika, na ya zile mbegu nyekundu zenye jicho jeusi ambazo watu hutungia shanga. Aliwazoesha panya sumu hizo kidogokidogo. Watoto waliozaliwa na mama mwenye kinga walihimili sumu. Watoto ambao baba peke yake ndiye alikuwa na kinga hawakuhimili. Alipowabadilisha watoto, wa mama asiye na kinga wakanyonyeshwa na mama mwenye kinga, maziwa nayo yakawapa ulinzi. Kwa binadamu njia kuu ni kondo la nyuma. Lina uwezo wa kuzichagua kingamwili za aina ya IgG kutoka kwenye damu ya mama na kuzivusha kwenda kwa mtoto, hasa katika miezi mitatu ya mwisho, kiasi kwamba mtoto anaweza kuzaliwa akiwa nazo nyingi kuliko mama yake. Mtoto huyo hajawahi kuugua kitu wala kuchanjwa kitu. Anakuja duniani na mali ya mama mkononi.

Mwaka 1961 madaktari waliofanya kazi New Guinea, mahali ambapo pepopunda ya watoto wachanga ilikuwa jambo la kawaida, walichapisha matokeo ya kuwachanja wajawazito toksoidi. Watoto wa mama waliokamilisha sindano walilindwa. Nilipousoma mwaka huo niliuweka kando ya miaka ya bibi. Aliwazika wanawe miaka michache tu kabla yake. Na kujulikana New Guinea hakukumaanisha kufika Kondoa. Mwaka 1988 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watoto wachanga 787,000 walikufa kwa pepopunda mwaka huo mmoja, zaidi ya 2,000 kila siku, miaka 27 baada ya jibu kuchapishwa. Kufikia mwaka 2018 makadirio yalishuka hadi 25,000. Chanjo kwa wanawake ilifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, pamoja na wembe mpya, mikono iliyonawiwa, na kitovu kuachwa kikavu bila samadi wala majivu. Tanzania ilithibitishwa mwaka 2012 kuwa imeudhibiti ugonjwa, yaani chini ya mtoto 1 anaugua kwa kila vizazi hai 1,000, katika kila wilaya.

Sindano hii imepita pia kwenye shaka. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya walidai kwamba chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikitolewa kwa wanawake ilitiwa homoni ya kuwafanya wasizae. Serikali ya Kenya ilikana, na WHO na UNICEF wakasema hadharani kwamba chanjo ni salama. Ujumbe wa aina hiyo bado unazunguka, na nilitumiwa mmoja kwenye kundi la familia nikiwa na mimba. Swali lake kubwa lilikuwa: kama pepopunda inamshika mtu yeyote, kwa nini wanachanjwa wanawake wa umri wa kuzaa? Ni swali la haki, na asiyejibiwa atajijibu mwenyewe. Jibu lake lilikuwa mwilini mwangu wakati huo. Ni kwa sababu mwanamke mjamzito ndiye pekee ambaye sindano moja begani mwake inaweza kumfikia mtu wa pili. Mtoto hukatwa kitovu saa ile anapozaliwa, na hakuna chanjo atakayopewa yeye iwahi kufanya kazi kabla sumu haijafanya yake.

Sikumwambia bibi yote haya, sungura na farasi na Berlin. Nilimwambia hivi: "Bibi, ugonjwa huu mwili haujifunzi kwa kuugua. Si wako tu, wa mtu yeyote. Mimi na shahada yangu, ningezaa mwaka ule, kwa kisu kile, bila sindano hii, na wangu angeweza kukataa ziwa. Wa kwanza angekufa, na wa pili angekufa vilevile."

"Mwili wa yeyote?"

"Wa yeyote."

Akaupeta uwele mara mbili tatu. "Basi maziwa yangu hayakuwa na kitu."

"Hayakuwa na kitu, bibi."

"Ungekuja kumwambia shangazi ya babu yako," akasema. "Basi tu kwamba amekufa." Kisha akaniambia niinuke nikaangalie moto. Jioni, tukiwa tunakula, aliwataja wale wawili kwa mpangilio wa kuzaliwa, pamoja na mama yangu, kama watu hesabu watoto wao: watatu. Mama yangu, ambaye maisha yake yote alijulikana kama mtoto wa kwanza, akaacha kula akamtazama.

Binti yangu alizaliwa mwezi wa nane mwaka huo, kwenye kituo cha afya, na kitovu chake kilianguka siku ya saba bila habari. Kila mtu alikiona cha kawaida. Nadhani hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Kazi ya kingamwili ikifanyika vizuri haina cha kuonyesha. Zile zangu zilikuwa kwenye damu yake, zikipungua kila wiki, kwa sababu nilimpa samaki na sikumpa ndoano. Ndiyo maana chanjo zake mwenyewe zinaanza akiwa na wiki 6, kisha 10, kisha 14: mkopo wa mama haudumu, na kabla haujakwisha mtoto anapaswa awe ameanza kujitengenezea.

Kuna jambo moja la ugonjwa huu ninalolirudia darasani mpaka wanafunzi wanachoka. Surua mtu huambukizwa na mtu. Majirani wote wakichanjwa, hata mtoto ambaye hajachanjwa anapata kivuli chao. Pepopunda haiambukizwi na mtu. Inatoka chini, ardhini, na ardhi haichanjwi. Mtaa mzima ukiwa na kinga, mtoto mmoja asiye nayo akikanyaga msumari yuko peke yake kama alivyokuwa mtoto wa bibi yangu. Ndui tuliumaliza duniani. Huu hatutaumaliza, tutauzuia kwa mama mmoja baada ya mwingine, na mabinti zao, na mabinti wa mabinti zao, na kizazi kimoja kikiruka, tunarudi mwishoni mwa miaka ya 1950.

Kadi yangu ya kliniki ina nafasi tano za sindano hii. Kadi ya utotoni ilipotea zamani, kwa hiyo muuguzi alinianzisha upya: ya kwanza, ya pili baada ya wiki nne, ya tatu baada ya miezi sita, ya nne baada ya mwaka, ya tano baada ya mwaka mwingine. Nne zimejazwa kwa wino. Ya tano ina tarehe ya penseli, Machi mwakani, na binti yangu ameshaanza kutembea nje bila viatu.